Ofisi za Bwana Fisi Kwenye Matete

Kuna jambo moja ambalo sijalipatia jawabu mpaka leo, na sasa nimeacha kulitafuta. Ni nani aliyemchagua Fisi kuwa Bwana Ardhi wa Mbuga ya Lukenge? Nilimuuliza Pundamilia, akaapa kwa milia yake kwamba yeye alimtaka Nyati. Nyati akasema alimtaka Tembo. Tembo, ambaye hasahau kitu, akasema siku ile alikuwa na mafua na hakumbuki vizuri. Hata Bi. Fisi mwenyewe aliniambia, "Mimi naishi naye. Ningemchaguaje?" Na bado kura zilipigwa mchana kweupe, kila mnyama akigonga ardhi kwa kwato au kwa ukucha, na Fisi akapata ushindi uliotikisa vichuguu. Nimefikiria sababu nyingi. Hakuna hata moja iliyonitosheleza.

Basi na tumchukue kama alivyokuwa: Fisi ni Bwana Ardhi, Simba ni mwenyekiti wa baraza, na mvua haijanyesha.

Haikunyesha vuli, haikunyesha masika. Mto Lukenge ulikauka mpaka samaki wakawa hadithi ya wazee. Visima vya Tembo vilitoa vumbi. Palibaki mahali pamoja tu penye maji katika mbuga nzima, napo ni Kinamasi cha Matete, bonde dogo lenye tope jeusi, matete marefu na dimbwi katikati. Pembeni yake alikaa Bi. Ngiri na wanawe katika shimo lao. Ngiri huyo hakuwa na mambo makuu. Alipiga magoti, akachimba mizizi, akanywa maji, akanyonyesha. Asiponywa asubuhi, maziwa yalikatika jioni. Hilo ndilo lililokuwa la kwake katika habari hii yote, wala hakutaka zaidi.

Mbuga ya Lukenge ilikuwa na sheria zake, zilizoitwa Maagano. Hayakuandikwa popote. Yalikaa kichwani mwa Bi. Kanga, kwa sababu Kanga akilijua neno hulirudia kutwa, na neno linalorudiwa kutwa halipotei. Mvua zilipogoma, wanyama wote waliitwa barazani ili Maagano yapitiwe upya, kifungu baada ya kifungu. Mwenye hoja alitoa hoja, mwenye kupinga alipinga. Lakini Bi. Kanga alipokwisha kukitamka kifungu na kuvuta pumzi, kilikuwa kimepita. Hakikuguswa tena mpaka mvua zigome mara nyingine, au mpaka yule aliyekipendekeza aombe mwenyewe baraza lirudi.

Mishahara ya viongozi ilikuwa humohumo katika Maagano, nayo ililipwa kwa maji. Raia alikuwa na zamu moja ya kunywa kila siku, kiongozi alikuwa na zamu mbili. Wakati wa mvua hakuna aliyejali. Kiongozi aliyekunywa mara mbili aliumwa tumbo tu. Wakati wa kiangazi zamu ya pili ilikuwa utajiri.

Siku ya baraza wanyama walikusanyika uwandani mapema. Simba alichelewa kwa makusudi, kwa kuwa aliamini mwenyekiti akiwahi hafanani na mwenyekiti. Alipanda juu ya jiwe lake, akatikisa manyoya ya shingo, akangoja mpaka kila jicho limemfikia.

"Kikao kimefunguliwa," alisema. "Nani ana neno?"

Fisi aliinuka kabla sentensi haijaisha. "Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu wananchi. Leo sijisemei mimi. Nakisemea kiti."

"Kiti kina kiu?" aliuliza Sungura kutoka nyuma.

Watu wa nyuma wakacheka. Sungura hakuwa na cheo chochote pale Lukenge. Alikuwa na masikio, na alikuwa na tabia ya kulala mchana jicho moja likiwa wazi.

"Cheka, bwana mdogo," alisema Fisi kwa upole. "Asiyefanya kazi hujaa kicheko. Mimi natembea mbuga hii kutoka mawio hadi machweo nikilinda mipaka. Angalieni nyayo zangu. Swala ana eneo dogo la kulinda, Bwana Ardhi ana nchi nzima, lakini mshahara wangu ni zamu mbili tu. Kwa hiyo napendekeza hivi: mshahara wa Bwana Ardhi uende kwa ukubwa wa ardhi anayoisimamia. Kila mahali palipo na alama yake, apate zamu moja ya maji."

Alama za viongozi wa Lukenge zilikuwa za harufu. Fisi huweka yake kwa kujisugua sehemu za nyuma kwenye bua la nyasi, akaacha harufu ambayo pua ikiipata mara moja haiisahau.

"Na la pili," aliendelea, "ni mpango wa matumizi ya ardhi. Malisho yana wenyewe, vichuguu vina wenyewe. Kinamasi cha Matete hakina mwenyewe, kila mtu anaingia na miguu yake. Kitu kisicho na mwenyewe huharibika. Kiwekwe chini ya Bwana Ardhi."

Tembo aliinua mkonga taratibu. "Ngoja nielewe, Bwana Ardhi. Kila penye alama yako una zamu. Na alama utaziweka kinamasini, kwenye maji."

"Umeelewa vizuri, mzee wangu."

"Na sisi tutakunywa lini?"

"Baada ya kiti," alisema Fisi.

Manung'uniko yakaanza. Fisi hakuwa mjinga. Aliijua njaa yake na aliijua njaa ya wenzake, na njaa ya Simba haikuwa ya tumboni. Akageukia jiwe, akainamisha kichwa.

"Nilisahau la tatu, Mheshimiwa. Mpango huohuo unatenga Kilima cha Upepo kiwe Eneo la Heshima. Utakaa pale, si kwenye jiwe hili la kuazima. Na mnyama yeyote apitaye karibu, kichwa chake kisizidi kichwa chako."

Simba alinyoosha shingo kama aliyekwisha kufika kilimani. "Na Twiga?"

"Atapita ameinama, Mheshimiwa."

"Mpaka wapi?" aliuliza Twiga kwa wasiwasi.

"Mpaka tukuambie inuka."

Simba alifumba macho kidogo, akajiona yuko juu, upepo ukimpiga usoni, mbuga nzima chini yake. Alipoyafumbua, Fisi alijua mambo yamekwisha. Simwiti Simba mbaya. Kuna wanaohongwa kwa nyama na kuna wanaohongwa kwa kuinamiwa, na wa pili hawajijui kwamba wamehongwa.

"Napinga," alisema Bi. Ngiri.

Alisimama peke yake, mkia wima kama bua, wanawe wakiwa wamejipanga nyuma yake.

"Sababu?" aliuliza Simba.

"Wanangu watanyonya nini?"

"Watanyonya, mama," Fisi alidakia. "Zamu zangu zikiisha, maji ni yenu."

Bi. Ngiri aliangaza huku na huku akitafuta wa kumuunga mkono. Nyati alimtazama Pundamilia. Pundamilia alimtazama Tembo. Tembo alitazama mawingu ambayo hayakuwapo. Na hapo Sungura akaruka juu ya kichuguu.

"Mheshimiwa, mimi naunga mkono hoja ya Bwana Fisi."

Bi. Ngiri aligeuka kana kwamba amepigwa na kitu.

"Naunga mkono," alirudia Sungura, "ila naona Bwana Fisi amejipunja. Kiongozi mkubwa hivi, na alama zake ziitwe alama tu, kama za paka? Napendekeza kila penye alama ya Bwana Ardhi paitwe ofisi. Mwenyekiti ana ofisi moja, jiwe lake. Yeye atakuwa na ofisi nyingi, na kila ofisi ina heshima zake zote kama zilivyo katika Maagano."

Fisi alimeza mate. Ofisi. Mpaka siku hiyo ofisi yake ilikuwa kichuguu kimoja katikati ya miiba, mahali ambapo hata mwenye shida alifika akiwa amekwisha sahau shida yenyewe kwa maumivu. "Nakubali nyongeza hiyo," alisema haraka, asije Sungura akaghairi. "Kijana ameanza kukua."

"Heshima zote?" aliuliza Bi. Kanga, ambaye hupenda vifungu viwe kamili.

"Zote," alisema Fisi. "Usibakize."

Simba akanguruma kukubali. Bi. Kanga akakitamka kifungu tangu mwanzo hadi mwisho: mshahara kwa alama, kinamasi kwa Bwana Ardhi, kilima kwa Mwenyekiti, na kila alama ni ofisi yenye heshima zake zote. Kisha akavuta pumzi.

Mchana huo, jua la utosi lilipowalaza wanyama wote vivulini, Fisi hakulala. Alijisugua kwenye tete la kwanza, akahesabu zamu moja kichwani, akacheka. Akajisugua kwenye la pili. Alipomaliza ukingo wa mashariki aliutazama wa magharibi, akaona ni dhambi kuuacha mtupu. Akazunguka dimbwi lote. Akarudi katikati. Akaweka alama kwenye magogo, kwenye mawe, kwenye kisiki kimoja ambacho hakikuwa na faida yoyote kwa mtu yeyote. Sungura alikuwa amelala chini ya kichaka, jicho moja wazi.

Kesho yake wanyama walipanga mstari kama kawaida. Fisi alikunywa zamu ya tete la kwanza, ya la pili, ya la tatu. Akapumzika, akapunga hewa, akarudi. Alipojaa hakuondoka; alikaa na miguu majini akinywa kidogo kidogo kwa ajili ya kuzitumia zamu zake zisipotee. Jua likazama. Maagano yalisema jua likizama maji huachwa yapumzike, basi mstari ukatawanyika na koo kavu.

Bi. Ngiri alirudi shimoni na wanawe wakalilia titi lisilo na kitu. Sungura alimkuta pale nje.

"Usinikaribie," alisema Bi. Ngiri. "Nimekujua sasa. Nilidhani ni jirani, kumbe ni mpiga debe wa Fisi."

"Niseme neno moja, dada, halafu unifukuze."

"Sema ukiwa mbali."

"Una shida gani?"

"Unaniuliza mimi shida?" Bi. Ngiri alitaka kucheka, akashindwa. "Sina maziwa. Shimo langu linabomoka upande wa kaskazini. Nyati wanapita juu ya paa langu. Mwanangu wa mwisho ana jipu. Nikianza kuzitaja shida zangu kutakucha."

"Vizuri sana. Usimwambie mtu. Kamwambie Fisi asubuhi."

"Fisi atanisaidia nini?"

"Hata asipokusaidia, mwambie. Bi. Kanga," Sungura aliita, kwa maana Kanga alikuwa juu ya mti akijirudia-rudia kabla ya kulala, "hebu tukumbushe Maagano yanasemaje juu ya ofisi ya kiongozi."

Bi. Kanga alifurahi kuulizwa. "Ofisi ya kiongozi haina mlango. Mwenye shida huingia muda wowote wa mchana. Kiongozi akiwa ofisini hali wala hanywi mpaka amsikilize mwenye shida hadi mwisho wa maneno yake. Zamu ambayo kiongozi hakuitumia humwendea anayefuata kwenye mstari."

Bi. Ngiri alisogea karibu. Mkia wake, uliokuwa umelala tangu mchana, ulianza kuinuka polepole.

"Kwa nini hukuniambia jana?"

"Nilimngoja amalize kuweka alama," alisema Sungura. "Angebakiza kona moja tupu, angekimbilia hapo akanywe kama raia. Sasa hakuna kona. Kila tone la maji katika Lukenge liko ndani ya ofisi yake."

Jua lilipochomoza, neno la Bi. Kanga likiwa limekwisha kuzunguka mbuga nzima, Fisi alikuta mnyama mmoja amesimama mbele ya tete la kwanza. Alikuwa Nungunungu.

"Shikamoo, Bwana Ardhi. Nimekuja ofisini."

"Marahaba. Pita, nakunywa kidogo nitakusikiliza."

"Samahani. Ni kinyume chake," alisema Bi. Kanga kutoka juu, akakirudia kifungu chote.

Fisi alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha aliona wengine nyuma ya Nungunungu, na wengine kwenye tete la pili, na la tatu, na kwenye kisiki. Akakaa chini.

Shida ya Nungunungu ilikuwa ya kweli. Mhanga alikuwa akichimba mashimo kwenye njia yake, na kila jioni alitumbukia. "Nimemwambia ayazibe. Amesema yeye ni mchimbaji, kuziba ni fani nyingine."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Wewe si ndiye Bwana Ardhi?"

Fisi alitazama maji, akatazama Nungunungu. "Haya. Mhanga achimbe upande wa miiba kuanzia leo. Wewe upite upande wa vichuguu. Nitamwambia mwenyewe. Umemaliza?"

Miiba ya Nungunungu ikalala. "Nimelia na jambo hili misimu mingapi," alisema. "Asante, mzee."

Walioona walisema kwamba Fisi alibaki amemtazama akienda, masikio yamesimama, kama aliyeonjeshwa chakula asichokijua. Naamini. Sidhani kama kuna mnyama ambaye hajawahi, hata mara moja, kufurahia kazi aliyopewa. Lakini koo lilikuwa linamuwasha, na Pundamilia alikuwa amekwisha kusogea.

Pundamilia alikuja na ugomvi wa mpaka wa malisho na Nyumbu. "Tatizo la Nyumbu, Bwana Ardhi, wanakula wakitembea. Ukiwauliza walianzia wapi, hawajui. Ukiwauliza wanakwenda wapi, wanasema wanamfuata wa mbele. Nimemuuliza wa mbele—"

"Fupisha, ndugu yangu."

"Siwezi. Maagano yanasema hadi mwisho wa maneno yangu."

Wakati Pundamilia akiyatafuta maneno yake ya mwisho, mstari ulisogea. Swala akanywa. Nyati akanywa. Bi. Ngiri akapiga magoti kwenye tope, akanywa mpaka tumbo likawa kama ngoma, akaenda kunyonyesha.

Fisi alitoroka kwenye tete la magharibi. Pale palikuwa na Twiga, mwenye shingo iliyokakamaa kwa kuinama Kilima cha Upepo, naye alieleza maumivu yake kuanzia pingili ya juu. Akatoka mbio hadi kwenye kisiki. Kwenye kisiki alikuwapo Bi. Kanga.

"Na wewe una shida?"

"Ninayo. Hakuna anayeniacha nimalize kusema," alisema Bi. Kanga, akaanza. Fisi alingoja avute pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Bi. Kanga hakuvuta. Jua likazama.

Siku iliyofuata ilikuwa vilevile. Ulimi wa Fisi ulianza kutoka nje. Mchana, wengine walipolala, alirudi kinamasini kwa siri kuziondoa alama zake, maana alijua pasipo na alama hapana ofisi. Kunywa hakuthubutu, kwa kuwa Bi. Kanga alilala juu ya mti hapohapo na mlio wa maji ungemwamsha. Alijisugua kwenye tete kwa nguvu ili aifute harufu. Akanusa. Ilikuwa imeongezeka. Akajisugua tena upande wa pili. Hakuna fisi aliyewahi kufuta alama tangu fisi waumbwe. Walifundishwa kuweka tu, na mwili aliowekea alama ndio uleule aliotaka kufutia. Alipomaliza, kinamasi kilikuwa na ofisi nyingi kuliko kilivyokuwa asubuhi.

Akapanda Kilima cha Upepo kwa Simba.

"Mheshimiwa, tafadhali kifute kifungu changu."

Simba alikuwa amekaa peke yake juu, upepo ukimpiga usoni kama alivyotaka. Alikuwa na kiu na alikuwa na hasira, kwa sababu tangu ahamie huko hakuna aliyekuja kumwamkia. Wote walikuwa ofisini kwa Fisi. Kilima kilikuwa kirefu sana, lakini cheo cha juu bila wa kukitazama ni upweke tu wenye upepo mwingi.

"Nimenguruma mbele ya watu," alisema. "Simba hamezi ngurumo yake. Mwenye kifungu ni wewe. Kama kinakuuma, omba baraza lirudi, mbele yao, kwa mdomo wako."

"Watanicheka."

"Hilo," alisema Simba, akigeuza uso, "sikulipangia eneo."

Fisi alishuka akiyumba. Kinamasini, kwenye ofisi ya kwanza, aliyekuwa na zamu ya kusema ni Bi. Ngiri. Alikuwa na wanawe wote, wamenona, wamejipaka tope mpaka masikioni. Fisi alijilaza chini.

"Sema, mama. Nasikiliza."

Bi. Ngiri alimtazama. Siku tatu hazijapita tangu wanawe walale bila maziwa. Sungura, aliyekuwa karibu, alimkonyeza: shimo, paa, Nyati, jipu, kutakucha. Ningekuwa mimi, huenda ningeanza na shimo.

"Shida yangu ni moja," alisema Bi. Ngiri. "Nataka kinamasi kirudi kwa wote. Ukiniahidi kwamba utaomba baraza sasa hivi, nimemaliza maneno yangu, unywe. Usiponiahidi, nina shimo linalobomoka, na habari zake ni ndefu."

"Naahidi," alisema Fisi. Sauti yake haikutoka vizuri, ikabidi arudie. "Naahidi mbele ya Bi. Kanga."

"Basi nimemaliza. Kunywa."

Nyuma yake Twiga alifungua mdomo. Bi. Ngiri aligeuka akamtazama mara moja tu, na Twiga akaufunga. Fisi alikunywa.

Baraza lilikaa alasiri hiyohiyo. Fisi alisimama mbele ya kila mtu, akaliomba lirudi, na wanyama walicheka kama alivyoogopa, ila si kwa muda mrefu kama alivyoogopa. Mhanga alicheka zaidi ya wote, mpaka Nungunungu alipomkumbusha upande wa miiba.

"Sasa tuseme nini badala yake?" aliuliza Simba, akiwa amerudi kwenye jiwe lake la zamani. Hakuna aliyemuuliza kwa nini amerudi, naye hakueleza.

Safari hii walisema wengi. Nyati alitaka Fisi avuliwe cheo. Pundamilia alitaka ofisi zote zibaki, maana hakuwa amemaliza habari za Nyumbu. Sungura alipendekeza pawe na msimamizi wa wasimamizi, mwenye akili na masikio marefu, na baraza zima likamwambia akae chini. Tembo ndiye aliyesema neno lililokaa.

"Mimi nilinyamaza siku ile," alisema, "kwa hiyo leo nitasema fupi. Kiongozi asijikatie mshahara wake mwenyewe. Akitaka uongezwe, na auombe, lakini hataunywa yeye. Atauanza yule atakayemfuata."

Fisi aliwaza. "Lakini hapo nani ataomba nyongeza?"

"Ndiyo maana yake," alisema Tembo.

Bi. Kanga akaweka kila kitu sawa, akatamka. Mshahara wa Bwana Ardhi ni zamu mbili kama zamani, na nyongeza ya kiongozi yeyote haianzi mpaka atoke yeye. Kinamasi cha Matete ni cha wote wakati wa kiangazi, wala hakiwekwi alama ya kiongozi yeyote. Kilima cha Upepo ni kilima. Twiga ainuke. Bwana Fisi abaki na cheo chake mpaka muda wake uishe, na ofisi yake ihame kutoka kwenye miiba ije njia panda, ambako kila mtu anapita. Kabla hajavuta pumzi aliangaza uwanja mzima, jicho kwa jicho. Bi. Ngiri akatikisa kichwa kukubali. Bi. Kanga akavuta.

Kilichobaki kilikuwa kuziondoa alama, na kwa kuwa mwili wa Fisi haukuweza kuzifuta, kazi ilipewa wenye tope. Bi. Ngiri na wanawe waliingia kinamasini, wakajigaragaza, wakayasugua matete moja moja mpaka yakanuka bonde tena. Fisi aliamriwa kuwabebea tope kutoka katikati ya dimbwi, naye alilibeba kwa kinywa, akienda na kurudi, mashavu yamejaa, asiweze kusema chochote. Pundamilia alimpa pole njiani. Bi. Kanga, juu ya kisiki, alilirudia neno lake mpaka jua likazama: mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.